Mnada wa hisani na mkataba wa malipo: makato madogo au mlango wa kutokea?

Mnada wa hisani huisha usiku mmoja. Nyundo ikishagongwa mara ya mwisho, shirika hujikuta limepitisha kwenye kadi, ndani ya saa chache, fedha ambazo pengine halikuzifikia kwa miezi 11 iliyotangulia. Mikataba mingi ya kuchakata malipo, yaani ile ya kampuni inayolipokelea shirika malipo ya kadi, haikuandikwa kwa ajili ya usiku kama huo. Iliandikwa kwa ajili ya duka, linalouza kidogo kidogo kila siku. Ndiyo maana huwa nasikitika nikiona kamati ya mnada inajadili mkataba kwa kulinganisha asilimia ya makato peke yake.

Mabishano yenyewe yana pande mbili. Wapo wanaotaka huduma ya kiwango kimoja: asilimia ileile kwa kila malipo, hakuna ada ya mwezi, unaondoka siku unayotaka. Wengine wanasema hiyo ni kutupa fedha za wafadhili, na kwamba shirika makini hukaa mezani, likajadiliana na kusaini mkataba wa miaka miwili au mitatu wenye makato ya chini.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Makato ya kadi hugawanywa kwa watu watatu: benki iliyotoa kadi, mtandao kama Visa au Mastercard, na kampuni inayochakata malipo. Kinachojadilika hasa ni fungu la huyo wa tatu. Mkataba unaotenganisha mafungu hayo humwezesha mweka hazina kuona nani anachukua nini. Katika Umoja wa Ulaya jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu tangu 2015 fungu la benki kwa kadi za watu binafsi lina ukomo wa asilimia 0.2 kwa kadi za debit, zinazokata fedha moja kwa moja kwenye akaunti, na 0.3 kwa kadi za mkopo. Anayelipa kiwango kimoja cha jumla huenda asiuone unafuu huo kabisa.

Lakini tupige hesabu. Chukua mnada wa 100,000, kwa sarafu yoyote. Kiwango kimoja cha asilimia 3 kinakata 3,000. Mkataba wa asilimia 2.2 unakata 2,200, na hapo ndipo wengi hufunga daftari. Ongeza ada ya 40 kila mwezi, yaani 480 kwa mwaka, na 120 ya ukaguzi wa usalama wa data za kadi. Jumla ni 2,800. Umeokoa 200 kwa mwaka na kujifunga miaka mitatu. Ada ya kuvunja mkataba ikiwa 600, akiba yote ya miaka hiyo imekwenda.

Hata hivyo, kinachoniumiza zaidi ni kipengele cha kuzuia fedha. Unapofungua akaunti unaulizwa wastani wa malipo na malipo makubwa kabisa unayotarajia. Shirika linajaza kiasi cha michango yake ya kawaida, halafu usiku wa mnada mtu mmoja analipa 15,000. Mfumo wa kampuni unaona hatari, fedha zinazuiwa, na mradi uliokuwa ukizisubiri unasimama. Hapa pande zote mbili zinabanwa sawa. Tena zile huduma zisizo na mkataba hazina kawaida ya kukupa mtu wa kumpigia simu usiku ule.

Kwa haki, kampuni nazo zina sababu. Kwa kanuni za Visa, mwenye kadi aliyelipia huduma asiyoipata kwa kawaida ana siku 120 za kupinga malipo ili arudishiwe fedha, zikihesabiwa tangu siku aliyotarajia kuipata, mradi zisipite siku 540 tangu malipo yenyewe. Safari iliyonadiwa leo na kutumika baada ya miezi minane ni deni linaloning'inia muda wote huo. Shirika likiwa limeshatumia fedha, kampuni ndiyo itakayolipa. Siwezi kuilaumu kwa kutaka kinga. Ninachodai ni kinga yenye kipimo kilichoandikwa: itazuia asilimia ngapi, kwa siku ngapi, na barua ya kupandisha ukomo wa malipo kabla ya mnada, si baada ya fedha kukwama.

Uliza pia kuhusu marejesho. Mshindi akirudishiwa 10,000 kwa sababu zawadi imeharibika, kampuni nyingi hazirudishi makato ya awali. Kwa asilimia 3, shirika limepoteza 300 kwa kitu ambacho halikukiuza.

Na kuna dhamana binafsi. Baadhi ya mikataba humfanya aliyesaini awajibike kwa mali yake mwenyewe. Katika shirika la hisani huyo mara nyingi ni mtu wa kujitolea, mweka hazina asiyelipwa hata senti. Kumwekea mzigo huo ni dhuluma, na makato yawe madogo namna gani, mimi nisingemruhusu asaini.

Kwa shirika lenye mnada mmoja kwa mwaka, nachagua kiwango kimoja, pamoja na ile barua ya ukomo. Lenye minada mitatu na michango ya kadi kila mwezi hesabu yake ni nyingine: ada ya mwezi inagawanyika kwa malipo mengi, na kujadiliana kunaleta fedha ya kweli. Hilo ningeliambia lisaini, ila mwaka mmoja kwanza, na kipengele cha mkataba kujiongeza wenyewe kikiwa kimefutwa.