Orodha za Vitenzi Bila Maelezo
Inaudhi sana kuona wanafunzi wa Nairobi wakikaririshwa orodha ndefu za vitenzi vya Kiingereza vinavyoandamana na vihusishi na vielezi, ilhali hakuna anayewaeleza jinsi vinavyofanya kazi. Mtoto anajua kwamba “put off” ni kuahirisha na “look after” ni kutunza, lakini hajaambiwa kwamba kiwakilishi lazima kikae katikati ya kile cha kwanza, “put it off”, na hakiingii kamwe katikati ya cha pili, “look after it”. Akikosea, anatiwa kosa kwa kalamu nyekundu, basi. Hata “cope up with”, inayosemwa kila siku jijini badala ya “cope with”, anakaripiwa kwayo kana kwamba yeye ndiye aliyeibuni.