Hata Bahari Iko Masaa 24

Nyinyi mnaosema Mombasa raha, hiyo raha mnaiona kwa kuwa mna pa kulala. Mimi ni mwezi wa nne huu natafuta nyumba, na nilichoambulia ni kujua nauli ya tuktuk ya kila kona ya mji.

Tunakaa Majengo, nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, choo kimoja uani, na foleni ya alfajiri ya kwenda hicho choo. Sisi tuna vyumba viwili. Nilipooa vilitosha, nikawa hata nakaribisha wageni walale. Sasa watoto wanne, na huyu mkubwa, Salma, ana miaka 13, kasema hawezi tena kuvaa nguo nyuma ya pazia. Mama yake hakusema kitu. Akanitazama tu. Nami kwa miaka 15 ya ndoa nishajua, mama huyu akisema kuna kujibizana, akitazama hakuna rufaa.

Nikamtafuta dalali. Nikamwambia, bwana, nataka mtaa wa familia. Shule karibu, madrasa karibu, watoto wapate pa kuchezea mpira wasigongwe na bodaboda. "Shekhe, hiyo kazi niachie mimi," akasema. Wala hakunidanganya: kila alikonipeleka nilikuta watu wamezaana.

Ila dakika zake! Kila nyumba iko dakika tano kutoka barabarani. Ile ya Mtopanga tulitembea mpaka ndara ya kijana wangu wa pili ikakatika, nikambeba mgongoni, jua la mtana, mchanga unaunguza, dalali yuko mbele anapiga mluzi. Namwuliza tumefika? "Hapo tu, shekhe." Tukapita mwembe. Hapo tu. Tukapita msikiti, watu wanatoka adhuhuri. Hapo tu. Tulipofika niliomba maji ya kunywa kabla ya kuuliza kodi.

Kizingo, mtaa wa wenye nazo, tulipita tu. Jumapili jioni twaenda pale Mama Ngina tukakaa, tukala muhogo wa pilipili, tukatazama meli zikiingia. Yatosha. Muhogo hauna kodi ya miezi miwili mbele.

Likoni nayo nilisita. Kazi yangu iko Mwembe Tayari, huku kisiwani, na feri kwa mwenda kwa miguu ni bure. Lakini kitu cha bure kikishakuwa na umati ule, jua watu wanakilipia kwa mbavu. Mtwapa ndiyo usiniambie. Dalali alisema "ukivuka daraja tu," kumbe nikivuka daraja hilo nimeshatoka Mombasa, niko kaunti ya Kilifi! Na huko usiku ndio kumekucha. Mama Salma alisikiliza ngoma za saa kumi jioni akasema, kama jioni ndiyo hii, watoto wetu watahifadhi nyimbo za baa kabla ya Juzu Amma.

Sasa njooni kwenye hii ya Kiembeni.

Yakhe, nyumba! Vyumba vitatu, taili chini, roshani inaelekea kusi, upepo unaingia mpaka unaomba shuka. Nje kuna mwarobaini mkubwa na watoto wanacheza kibe. Jirani katoka, katusalimu, kauliza hata hali za wazee wetu. Kodi elfu 18. Mkono wangu ulikuwa ushaingia mfukoni kutafuta simu nilipe.

Mama Salma yuko wapi? Yuko jikoni. Kafungua mkoba, katoa kikopo cha mafuta ya mgando, na ndani ya kikopo kipande cha sabuni ya mche. Kafungua bomba, kaanza kunawa. Anasugua. Anasugua. Sabuni inateleza mkononi kama samaki, povu hata la kumdanganyia mtoto hakuna.

"Kisima," akasema.

Dalali akaruka: "Mama, hapa maji masaa 24! Hayakatiki!"

"Hata bahari iko masaa 24," akamjibu, akafunga kikopo chake. Tukaondoka.

Nilinuna mpaka daraja la Nyali, na hapo mtu ana muda wa kutosha wa kununa, maana daraja lilifunguliwa 1980 na foleni yake nadhani ni ile ile ya siku ya kwanza. Ndani ya matatu akanipa somo. Maji matamu ya mji huu si ya mji huu. Yanatoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200, mengine Baricho, mengine Marere, mengine Tiwi. Sisi wenyewe tumezungukwa na maji pande zote na hatuna tone la kupikia chai. Bomba likikauka, mwenye nyumba anachimba kisima, na kisima karibu na bahari chumvi imo, ndipo sabuni ya mche ikakataa kutoa povu. Chai ya maji yale unatia sukari vijiko vinne, bado unahisi umelishwa mchuzi. Nywele za msichana zinakuwa makumbi. Nguo nyeupe ya shule inageuka rangi ambayo mwalimu haijui. Kwa hiyo mitungi ya maji matamu utanunua kwa mkokoteni kila siku, na hiyo elfu 18 yako ni kianzio tu.

"Wewe unatazama roshani," akaniambia. "Roshani utaifulia nini?"

Tangu siku hiyo mimi sina kauli. Tunaingia nyumba, wanaume tunasimama ukumbini kama tumeleta posa, tunasubiri jikoni kusemwe nini. Bamburi, haikutoa. Utange, haikutoa. Mikindani ilitoa kidogo, tukashangilia, kumbe mwenye nyumba alikuwa amejaza tangi kwa lori la maji asubuhi ile kwa heshima yetu. Jirani ndiye aliyetutobolea siri, Mungu ambariki.

Dalali naye si mjinga. Juzi, nyumba ya Shanzu, tulipofika tu akatangulia jikoni, akatoa chupa yake mfukoni. "Mama Salma leo pumzika, sabuni ninayo." Akamimina ile ya maji ya kijani, bwana, povu likafurika mpaka likaanguka sakafuni! Mimi moyo ukanipasuka kwa furaha. Mama Salma akalitazama lile povu, akamtazama dalali.

"Mwanangu," akamwambia polepole, "hiyo hutoa povu hata Pirates, katikati ya mawimbi." Akafungua mkoba.

Haikutoa.

Jumamosi tunakwenda kuona nyingine, Miritini, karibu na kituo cha treni. Dakika tano kutoka barabarani. Kile kipande cha sabuni kimeshalika kwa kunawia majikoni ya watu, kimebaki mfano wa ukucha, kwa hiyo jana usiku nikatumwa dukani kwa Mpemba nikanunue mche mzima.

Akaniuliza, "Vipi Baba Salma, mnafua?"

Nikamwambia hapana, tunatafuta nyumba.