Ngiri, Tundu Dogo na Roboti: Mafunzo ya Wapasuaji Wetu Yaanzie Wapi?

Ngiri ya kinena, yaani uvimbe unaotokea utumbo unapopenya ukuta wa tumbo uliodhoofika, na ambayo watu wengi wa pwani huiita mshipa, haina fahari yoyote miongoni mwa maradhi. Mgonjwa huificha kwa haya, huifunga kwa mkanda, hujilaza chali jioni ili uvimbe urudi ndani, na mara nyingi hufika hospitali siku utumbo umekwisha kubanwa. Hata hivyo, zaidi ya watu milioni 20 duniani hufanyiwa upasuaji wa ngiri hii kila mwaka, na katika nchi nyingi ni miongoni mwa operesheni za kwanza anazokabidhiwa daktari anayejifunza kupasua. Hapo ndipo anapozoea kufungua tabaka baada ya tabaka, kuutambua mshipa wa fahamu kabla hajaujeruhi, na kufunga fundo lisilolegea. Kwa sababu hiyo, tunapojadili ngiri itibiwe kwa kisu cha kawaida, kwa matundu madogo au kwa roboti, tunajadili pia daktari kijana atajifunzia kazi yake wapi, na juu ya mgonjwa yupi.

Njia ya kawaida iliyoenea leo ilitoka kwa Irving Lichtenstein na wenzake huko Los Angeles katika miaka ya 1980. Mpasuaji hukata kinenani, huurudisha utumbo mahali pake, kisha huweka kipande cha wavu juu ya ukuta uliodhoofika bila kuzivuta nyama kwa nguvu. Sindano ya ganzi inatosha, na mgonjwa anaweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Katika njia ya matundu madogo, tumbo au nafasi iliyo mbele ya utando wake hujazwa gesi ya kaboni, kamera na vyuma virefu vyembamba hupitishwa kwenye matundu, na wavu huwekwa kwa nyuma ya ukuta. Kwa kawaida mgonjwa hulazimika kupewa nusu kaputi. Roboti hufanya operesheni hii hii ya pili, isipokuwa mpasuaji hukaa kwenye kiti chake mbali kidogo na kitanda, akiangalia ndani ya kioo na kuiongoza mikono ya mashine. Roboti ya da Vinci, inayojulikana kuliko nyingine zote, iliidhinishwa Marekani mwaka 2000.

Wanaotaka wapasuaji wetu wafundishwe njia hizi mpya hawana hoja nyepesi. Mgonjwa wa matundu madogo kwa kawaida hupata maumivu madogo kuliko wa njia ya kawaida katika siku za mwanzo, na hurudi kazini mapema, jambo ambalo kwa mwendesha bodaboda au mchukuzi wa sokoni, anayekula kwa jasho la siku, si anasa hata kidogo. Mwenye ngiri pande zote mbili hutibiwa kupitia matundu yale yale. Aliyewahi kupasuliwa kwa mbele na ngiri ikarudi hufikiwa kwa nyuma, mahali ambapo kovu la zamani halisumbui. Kwa wanawake hoja ina uzito wa pekee, kwani ngiri ya paja, inayowapata wao zaidi na ambayo ni hatari zaidi kubanwa, huweza kupitwa na macho ya mpasuaji aliyefungua kwa mbele. Mwongozo wa kimataifa wa ngiri ya kinena uliochapishwa mwaka 2018 unapendekeza wanawake watibiwe kwa kamera, yaani kwa matundu madogo, mradi mtaalamu wa kazi hiyo awepo. Watetezi wa roboti huongeza kwamba macho ya mashine huona kina, ncha za vyuma vyake hupinda kama kifundo cha mkono, na mwalimu anaweza kukaa kwenye kiti cha pili akachukua usukani mwanafunzi anapopotea.

Lakini maneno yale, "mradi mtaalamu awepo", ndiyo yaliyobeba mzigo wote. Mwongozo huo huo unakadiria kwamba daktari anahitaji operesheni 50 hadi 100 ili kuimudu njia ya kamera, na kwamba 30 hadi 50 za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa. Sababu inaeleweka. Chuma kinachopita kwenye tundu hugeuka kama kasia kwenye kishwara chake: mkono ukienda kulia, ncha huenda kushoto. Skrini haionyeshi kina. Kinena chenyewe huonekana kwa nyuma, upande ambao daktari aliyezoea kufungua kwa mbele hakuwahi kuuona, na katika sehemu hiyo kuna eneo ambalo wapasuaji wenyewe huliita pembetatu ya maangamizi, kwa kuwa mishipa mikubwa ya damu ya mguu hupita hapo, na jingine jirani wanaloliita pembetatu ya maumivu, kwa ajili ya mishipa ya fahamu. Msumari mmoja wa kubania wavu ukipigwa mahali pasipofaa, mgonjwa anaweza kuishi na maumivu miaka yote iliyobaki.

Ushahidi ninaoupa uzito kuliko wote ni wa mwaka 2004, kutoka hospitali 14 za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Wanaume zaidi ya 2,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapasuliwa kwa njia ya kawaida na wengine kwa kamera, wote wakiwekewa wavu. Baada ya miaka miwili ngiri ilikuwa imerudi kwa asilimia 10.1 ya waliotibiwa kwa kamera, na kwa asilimia 4.9 ya waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Wapenzi wa kamera walilalamika kwamba wapasuaji wengi walioshiriki hawakuwa wamebobea, na lalamiko lao lilikuwa la haki: wale waliokuwa wamekwisha kufanya zaidi ya operesheni 250 za kamera walipata matokeo mazuri kuliko wenzao kwa tofauti kubwa. Kwa maoni yangu, utetezi huo unathibitisha jambo lile lile unalotaka kulipinga. Kamera mikononi mwa bingwa ni dawa nzuri. Mikononi mwa anayejifunza, gharama ya masomo hulipwa na mgonjwa.

Sasa tuweke hesabu hiyo katika hospitali yetu ya rufaa. Tuchukue kwamba inafanya ngiri mbili za kamera kila wiki, ambazo kwa mwaka ni kama 100, na kwamba madaktari wanne wanaosomea ubingwa wanagawana sawasawa. Kila mmoja atapata 25. Atahitaji miaka miwili kufika 50 na minne kufika 100, na hiyo ni kama gesi haikukosekana, taa ya kamera haikuungua na mtaalamu wa nusu kaputi hakuitwa kwenye dharura ya uzazi. Mafunzo ya ubingwa wa upasuaji chini ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha, huchukua miaka mitano kwa ujumla wake, na ndani ya miaka hiyo daktari anatakiwa pia kujua kufungua tumbo lililojaa usaha na kutibu majeraha ya ajali. Kila ngiri iliyopelekwa kwenye kamera imeondolewa kwenye mikono ya yule ambaye mwaka ujao atakuwa peke yake wilayani, bila kamera.

Roboti inalikuza tatizo hili. Katika jimbo la Michigan, sehemu ya ngiri za kinena zilizopasuliwa kwa roboti ilipanda kutoka asilimia 0.7 mwaka 2012 hadi asilimia 28.8 mwaka 2018. Ongezeko hilo halikungoja ushahidi. Ulipokuja, mwaka 2020, jaribio lililowagawanya wagonjwa 102 kati ya roboti na kamera ya kawaida lilionyesha kwamba roboti ilichukua takriban dakika 75 dhidi ya 40, iligharimu zaidi ya mara mbili, na katika siku 30 haikumpa mgonjwa nafuu yoyote ya ziada. Ni lazima nikiri kwamba jaribio hilo halikuuliza kama roboti humfupishia daktari safari ya kujifunza, na siku 30 ni chache mno kujua kama ngiri itarudi. Pamoja na hayo, upande wa mafunzo nao una dosari. Katika upasuaji wa kawaida mwalimu huhitaji mikono minne mezani, kwa hiyo mwanafunzi hushika, huvuta, hukata. Kwenye roboti mtu mmoja hutosha. Matthew Beane, mtafiti wa Marekani aliyefuatilia mafunzo haya katika hospitali kadhaa, alieleza mwaka 2019 jinsi wanafunzi wengi walivyobaki kutazama huku wachache wakijifunza kwa njia za pembeni. Kiti cha pili cha mwalimu kinaweza kusaidia, lakini kiti hicho nacho hununuliwa.

Kuna somo lililo karibu nasi zaidi. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika mashariki mwa Uganda, ambapo wanaume 302 walipasuliwa kwa njia ya kawaida, nusu wakiwekewa wavu wa kiwandani wa takriban dola 125, na nusu wavu wa bei nafuu, uliotokana na kitambaa cha chandarua na kusafishwa ipasavyo, wa takriban dola 1. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mgonjwa mmoja tu wa wavu wa bei nafuu, na kwa wavu wa kiwandani hakuna hata mmoja. Nchini Sierra Leone, jaribio la mwaka 2021 liliwalinganisha madaktari na matabibu wasio na shahada ya udaktari, wote wakiwa wamefunzwa kuweka wavu kwa njia ya kawaida: baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa asilimia 0.9 ya wagonjwa wa matabibu na asilimia 6.9 ya wagonjwa wa madaktari. Sisemi kwamba tabibu ni bora kuliko daktari. Kundi lilikuwa dogo. Ninachokiona ni kwamba mkono uliofundishwa kazi moja vizuri, ukairudia mara nyingi, haukuhitaji mashine ya mamilioni ya dola ili kufikia viwango vinavyosifiwa Ulaya.

Je, tuache basi kufundisha kamera? Hapana. Anayesema tungoje mpaka kila wilaya iwe na wavu ndipo tufundishe kamera, anawahukumu mama mwenye ngiri ya paja na mzee ambaye ngiri yake imerudi mara ya pili, kana kwamba tiba yao ni ya nchi nyingine. Isitoshe, ujuzi wa kamera haujifungi kwenye ngiri. Kifuko cha nyongo, kidole tumbo na magonjwa mengi ya wanawake hutibiwa hivyo hivyo. Na sehemu kubwa ya ujuzi huo inaweza kupatikana kabla ya kumgusa mgonjwa. Marekani, tangu mwaka 2009, huwataka wapasuaji wanaotahiniwa ubingwa wawe wamefaulu mtihani wa msingi wa kamera, ambao sehemu yake ya vitendo ina kazi tano ndani ya sanduku: kuhamisha vigingi, kukata duara, kufunga kitanzi, na kushona fundo kwa njia mbili. Sanduku la namna hiyo laweza kutengenezwa kwa boksi gumu, simu yenye kamera na vyuma vilivyostaafu kutoka chumba cha upasuaji. Hakuna chuo cha udaktari katika kanda yetu kinachoweza kusema hakimudu.

Kigali, mwaka 2023, ilifunguliwa IRCAD Africa, tawi la taasisi iliyoanzishwa Strasbourg mwaka 1994 na Jacques Marescaux, yule aliyeondoa kifuko cha nyongo cha mgonjwa aliyekuwa Strasbourg huku yeye akiwa New York, mwaka 2001. Kituo hicho ni neema kwa kanda nzima, na daktari wa Mwanza au Bujumbura hahitaji tena kuvuka bahari ili ashike vyuma hivi. Hofu yangu ni juu ya Jumatatu anayorudi kazini. Kozi ya siku chache humpa mwanzo, na operesheni 30 za hatari bado ziko mbele yake. Kama hana mtu wa kusimama pembeni mwake katika hizo 30, basi cheti chake kimemwongezea ujasiri kuliko ujuzi, na katika kazi ya kisu hilo ni jambo la kuogopwa.

Ningependa kuona mpangilio ulio wazi. Kila anayesomea ubingwa aimudu kwanza njia ya kawaida kwa wavu na ganzi, kwa idadi inayohesabiwa na kukaguliwa. Ngiri za kamera zikusanywe katika hospitali chache zenye wagonjwa wa kutosha, na madaktari wapelekwe huko kwa miezi, badala ya kuzitawanya kila mahali mpaka hakuna anayefika 50. Ama roboti, hospitali ikiinunua kwa ajili ya saratani ya tezi dume, hiyo ni hesabu nyingine. Kuitumia ngiri kuwa ngazi ya kuzoelea mashine ni jambo ambalo mgonjwa anapaswa kuelezwa kwa Kiswahili anachokielewa, pamoja na idadi ya operesheni ambazo daktari wake amekwisha kufanya kwa njia hiyo.

Na katika daftari ambamo mwanafunzi huandika operesheni zake, pawe na safu moja zaidi. Kule Uganda watafiti waliweza kusema kwa uhakika ngiri ngapi zilirudi kwa sababu waliwafuata wagonjwa na kuwapima baada ya mwaka. Katika hospitali nyingi mgonjwa hutolewa nyuzi, hushukuru, na hapo uhusiano huisha. Ngiri yake ikirudi huenda akaona haya kumrudia daktari yule yule, au akaenda kwa mwingine, na aliyempasua akaendelea kuamini kwamba mkono wake haukosei. Simu moja baada ya miezi 12, na miadi ya kupimwa kwa atakayesema kuna uvimbe, ingemwambia mwalimu kuhusu mwanafunzi wake mambo ambayo mtihani wa mdomo hauwezi kumwambia.