Lisbon Hamjaimaliza

Wageni wetu wa Jumapili walikuwa mume na mke, Watanzania wenzangu, vijana wanaoishi si mbali na hapa Köln. Walikuwa wametoka Lisbon wiki hiyohiyo, kwa hiyo picha zilianza kuzunguka kabla pilau haijapakuliwa. Tramu ya njano namba 28. Mnara wa Belém. Vikeki vya mayai vimepigwa kwa juu, vimepigwa kwa ubavu, vimepigwa vikiwa vimeng'atwa. Kisha bwana akaifunika simu mezani, akasema kama mtu aliyemaliza kulipa mkopo wa benki: "Lisbon tumeimaliza, kaka. Mwezi ujao Prague."

Nikauliza swali moja tu. Dhahabu ya Kilwa mliiona?

Akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama mke wangu. Mke wangu, ambaye anajua nikianza hapo sikomi, akasema, "Mwacheni huyo, kuleni kwanza." Nikanyamaza kwa heshima ya wageni. Hapa hakuna mgeni wala pilau inayopoa, kwa hiyo naendelea.

Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na meli zake za mizinga, akamwambia Amiri Ibrahim aliyekuwa akitawala pale kwamba atalipa kodi kwa mfalme wa Ureno, la sivyo mji utateketezwa. Ibrahim akalipa kwa dhahabu. Mwaka uliofuata dhahabu ikafika Lisbon, na mfalme Manuel wa Kwanza akaagiza itengenezwe monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huweka hostia, ule mkate wa ibada, wakati wa kuabudu. Kazi ilikamilika 1506, na sonara anayetajwa ni Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka, wote wa dhahabu iliyopakwa rangi kwa ustadi ambao, nalazimika kusema, unatisha.

Na kwenye kitako wakaandika. Kwa Kireno cha zama zile wakaandika kwamba mfalme mtukufu Manuel aliamuru kitu hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la mji lipo, limeandikwa QILVA, herufi kubwa. Nimeishi Kariakoo, nimeishi Ulaya, nimekutana na wezi wa kila namna, lakini mwizi anayechonga jina la mwenye mali juu ya mali, akaiweka mahali watu watakapoipigia magoti, huyo nilikuwa sijamwona.

Kipo hadharani. Hakijafichwa ghalani, hakihitaji barua ya ubalozi. Kipo Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, na ukitoka Belém kurudi mjini makumbusho hayo yako njiani. Yaani wageni wangu, na vikeki vyao mkononi, waliyapita. Wakayapita tena siku ya pili, maana vikeki walivirudia.

Mimi ni mtu wa Lindi. Kilwa ni wilaya ya mkoa wetu. Nimesoma shule ambayo Kilwa ilifundishwa kwa aya mbili: Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji, Wareno walifika wakauharibu, zoezi. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba ile kodi ingalipo, kwamba unaweza kununua tiketi ukasimama mbele yake. Najua atatokea msomi kunikumbusha kwamba dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa, ilitoka bara kupitia bandari ya Sofala, na kwamba waliochimba wangekuwa na maneno yao kuhusu masultani wetu. Ni kweli. Waje nao. Foleni ya makumbusho yale ni fupi, tofauti na ya vikeki.

Sasa turudi Belém, kwa sababu kule ndiko damu inakochemka. Kila mtu anapiga picha Monasteri ya Jerónimos, na nakubali ni jengo lisilo na mfano. Ukiingia kanisani, karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama, limechongwa vizuri, amelala ameunganisha viganja kwa sala. Watu wetu wanasimama pale wanatabasamu. Nimewaona kwa macho yangu, mtu na mchumba wake, lafudhi ya Dar kabisa, mkono begani. Monasteri hiyohiyo ndiyo Manuel aliyoirithisha ile monstransi. Ng'ambo ya barabara, mtoni, kuna lile sanamu kubwa la wavumbuzi, la 1960, na mbele yake sakafuni ramani ya dunia ya marumaru yenye njia za meli zao. Ramani ilikuwa zawadi ya Afrika Kusini. Afrika Kusini ya mwaka 1960. Hesabu mwenyewe nani alikuwa akitoa zawadi.

Mwongoza watalii mmoja pale alikuwa akieleza kundi lake jinsi da Gama alivyogundua njia ya kwenda India. Aligundua kwa kuonyeshwa. Alipofika Malindi 1498 alipewa mtu wa kumwongoza, mtu aliyeijua bahari na pepo zake, ndipo akafika Calicut. Mimi nikimpeleka mgeni Kisutu, akirudi kwao aseme amegundua soko?

Mke wangu ni wa Mombasa, na hapo ndipo safari yetu ya Lisbon iliponoga. Mbele ya kabati la kioo lenye ile monstransi alitazama kwa muda wake, akasema, "Ni kizuri," akauliza tunakula wapi. Sikumlaumu. Lakini mezani, samaki walipoletwa, akaanza yeye. "Sisi twalimwendea usiku tumkate kamba za nanga, akatoka mbio hadi Malindi. Nyinyi mwampa dhahabu!" Nikamkumbusha Agosti 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alipouchoma Mvita, huo mji wao wa Mombasa. Akanikumbusha kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo Almeida huyohuyo alikuwa Kilwa, anapora nyumba hadi nyumba, kwa hiyo kodi yetu ilitununulia nini? Sikuwa na jibu. Bado sina. Samaki walipoa, mhudumu akaja mara mbili kuuliza kama kuna tatizo, na mke wangu akamjibu kwa Kiingereza kwamba tatizo ni la zamani kidogo.

Hicho ndicho ninachowadai vijana wangu, kuliko historia yenyewe. Wanandoa wengi ninaowajua huku, wakisafiri wikiendi, mmoja huwa mpiga picha na mwenzake mpigwa picha. "Geuka kidogo. Cheka. Rudia, macho yamefumba." Wakirudi Jumapili usiku wana picha mia na hadithi hawana. Na ukiwasikiliza kwenye treni, wanachozungumza ni kilekile walichokiacha nyumbani: kodi ya nyumba, shemeji aliyeomba hela, nani alisahau kulipa umeme. Mkiwa na jambo kubwa la kubishania, jambo lisilo na uhusiano wowote na mama mkwe, mnarudi mmejuana. Mimi nilimjua upya mke wangu juu ya sahani ya samaki baridi. Sikujua kama anaweza kunishinda kwa hoja ya mwaka 1505.

Wale wa Ujerumani hawana hata kisingizio cha nauli. Berlin mnakwenda, najua mnakwenda. Mnapiga picha Lango la Brandenburg, mnapiga picha Checkpoint Charlie kwenye kibanda ambacho ni cha kuigiza, cha asili kiliondolewa. Na mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, yuko mjini humohumo, Museum für Naturkunde, kasimama mita 13 na ushei. Alitolewa Lindi kati ya 1909 na 1913, mifupa ya tani zaidi ya 200 kwa jumla, ikabebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kutoka machimboni hadi bandarini, na watu ambao miaka michache tu nyuma walikuwa wamepigwa na kuachwa na njaa kwenye vita vya Maji Maji. Msimamizi wao wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 aina moja ya mjusi wa kule ilipewa jina lake, Australodocus bohetii. Ilichukua muda kidogo, si ndiyo?

Bunge letu limeshamzungumzia mjusi huyu sijui mara ngapi, arudi, asirudi, gharama, utalii. Mwana wa Lindi aliyeko mwendo wa saa nne kwa treni hajawahi kwenda kumsabahi.

Wa Ubelgiji: mnapanda tramu namba 44 ya Brussels kupitia msituni hadi Tervuren. Kabla ya kuingia makumbusho ya Afrika nendeni kanisani, nje kuna makaburi saba ya Wakongo walioletwa kuonyeshwa kwa watu mwaka 1897 wakafia hukohuko. Wasomaji wangu wa Bukavu na Lubumbashi hawahitaji niseme zaidi.

Mambo mengine ya safari hizi nayapitia haraka, maana kila moja linastahili makala yake. Tiketi ya yuro kumi na tisa si ya yuro kumi na tisa: uliza kwanza uwanja wa ndege uko mji gani, maana kuna viwanja vinavyobeba jina la Paris na basi la kukufikisha Paris linachukua zaidi ya saa nzima, kisha uliza begi linalipiwa kiasi gani. Kibali cha kuishi beba chenyewe, si picha yake kwenye simu. Venice, siku za msimu, mgeni wa kutwa analipa yuro 5 kuingia, na 10 akichelewa kujiandikisha. Barcelona, Julai 2024, waandamanaji waliwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea, na nikisikia kodi za nyumba za kule siwalaumu sana. Na msiache makumbusho kwa Jumatatu asubuhi mkisubiri ndege ya mchana. Lisbon, Berlin, Tervuren, yote matatu niliyoyataja Jumatatu yanafungwa.

Mke wangu amesoma mpaka hapa juu ya bega langu, anasema nimewaonea watoto wa watu. Anasema mtu anayehudumia wazee zamu za usiku Jumatatu hadi Ijumaa ana haki ya kukaa kwenye ngazi za Lisbon Jumamosi, ale kikeki chake, atazame mto, asifundishwe na mtu. Nakubali, kwa shingo upande. Nakubali pia kwamba tulipokwenda Paris tulisimama chini ya Mnara wa Eiffel usiku, saa ilipogonga taa zikametameta zile dakika tano zake, akanishika mkono, na mimi sikuuliza chuma kilitoka wapi. Vizuri vipo na vinaonekana. Sijasema watu wasifurahi.

Ila msiniambie mmemaliza. Kuna hasira nyingine hapa ambayo naona aibu kuisema mbele ya wageni, basi niiseme hapa. Mreno anajua dhahabu ile ni ya wapi, kaichonga. Mjerumani anajua mjusi yule ni wa wapi, kibao kimeandikwa Tendaguru. Mtoto wa shule wa Lisbon anapelekwa na mwalimu wake, anasimama mbele ya kioo, anasoma Kilwa kwa tahajia yake. Katika watu wote wanaopita mbele ya kioo kile, wa kwetu ndio wachache, na ndio wenye kitu cha kudai. Tunalalamika mitandaoni virudishwe, virudishwe, na nyumba vilimo hatujui mlango wake uko mtaa gani. Utadai vipi ng'ombe ambaye hujawahi kwenda kumtambua?

Wageni nimewatumia anwani. Yule dada alijibu kwa kidole gumba. Bwana alijibu kwamba Lisbon kurudi ni gharama, labda mwakani, kwanza Prague. Nimemwacha.

Sisi tunakwenda Budapest. Zamu ya kuchagua ni ya mke wangu, na amechagua mabwawa ya maji ya moto kwa sababu, kwa maneno yake, "Huko hakuna Kilwa. Nataka kuloa nipumzike." Ni kweli, Kilwa haipo. Lakini Hungaria ndiyo iliyomtoa Count Sámuel Teleki, aliyeondoka pwani yetu 1887 na msururu wa wapagazi, akafika mwaka uliofuata kwenye ziwa ambalo watu walikuwa wakilivua samaki tangu zamani, akaliita Rudolf kwa heshima ya mwana wa mfalme wao. Kenya ililibadilisha kuwa Turkana 1975, ila Mlima Kenya una Bonde la Teleki hadi leo. Safari hii ni kesi ya kwao, si ya Lindi. Tiketi zimeshanunuliwa, hazirudishwi. Nitamweleza tukiwa tumeshaingia majini.