Kabla ya kuuliza p, fungueni mchoro

Wiki iliyopita nilikaa kiti cha nyuma kabisa, mwanafunzi wa uzamili akitetea tasnifu yake. Nilikuwa nimemsaidia kidogo upande wa takwimu, kwa hiyo moyo ulikuwa juu. Mada ilikuwa kipato na matumizi ya chakula, kaya 84. Mjumbe mmoja wa jopo akauliza kama amepima mtawanyiko wa mabaki, yaani kama tofauti kati ya matumizi halisi na yale modeli inayoyakisia zina upana uleule kwa kaya zote. "Ndiyo mwalimu, nimetumia Breusch-Pagan, p ni 0.09." "Vizuri, tuendelee." Ikaishia hapo. Breusch-Pagan ni kipimo cha mtawanyiko huo, na p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama ile kama kweli mtawanyiko ni sawa; ikishuka chini ya 0.05 ndipo tunasema si sawa. Mchoro wa mabaki ulikuwa kwenye viambatisho, na hakuna aliyeufungua. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Ukiufungua unaona tarumbeta. Kushoto, kwenye kaya zenye kipato kidogo, nukta zimebanana karibu na mstari wa sifuri. Kadiri kipato kinavyopanda zinaachana, na kule mwisho kulia nukta tano au sita zimetupwa mbali, nyingine juu, nyingine chini. Mtoto wa darasa la nne angekuonyesha kwa kidole.

Ile 0.09 haisemi kwamba mtawanyiko ni sawa. Inasema ushahidi haujafika kwenye mstari wa 0.05 tuliojichorea wenyewe. Kwa kaya 84, nyingi zikiwa zimerundikana upande mmoja, kipimo hakina nguvu ya kutosha kuona kinachoonekana kwa macho. Tena niliporudi nyumbani niliziingiza data zilezile kwenye Stata, programu ya takwimu, nikapata 0.01. Yeye alitumia R, programu nyingine, na bptest, amri ya R ya kipimo hicho, huanza na marekebisho ya Koenker ya mwaka 1981. Stata usipoiambia vingine hutumia fomula ya Breusch na Pagan ya 1979, inayotegemea mabaki yafuate mgawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele. Zile nukta za mbali zinatosha kuzitenganisha hizo mbili. Kwa hiyo hukumu ya jopo ilitegemea mwanafunzi alifungua programu ipi asubuhi ile.

Ila kinachonikera hasa ni kwamba tunafundisha mtawanyiko usio sawa kama ugonjwa: upime, utibu, usahau. Wakati mwingine huo mtawanyiko ndio matokeo yenyewe. Kuna data mashuhuri za kaya 235 za wafanyakazi wa Ubelgiji, zile alizozishughulikia mtakwimu Mjerumani Ernst Engel mwaka 1857. Zichore, chakula dhidi ya kipato, utaiona tarumbeta hiyohiyo. Na sababu yake mtu yeyote aliyewahi kuishi kwa kibarua anaijua. Mwenye elfu tano ya siku ananunua unga, dagaa, mafuta ya kupima na mkaa wa kopo. Jirani yake mwenye elfu tano ananunua hivyohivyo. Hawafanani kwa kupenda, wanafanana kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuchagulia. Kipato kikiongezeka ndipo mmoja anakula nyama kila siku na mwingine anapeleka fedha kwenye tofali. Upana wa ile tarumbeta ni nafasi ya watu kuamua maisha yao, na wembamba wake ni umaskini. Halafu sisi tunaupa herufi p, tunaupita!

Nakubali, macho nayo hudanganya. Ukiwa na modeli mia huwezi kukodolea michoro yote, na mtu akitafuta umbo kwenye nukta hakosi. Kipimo kibaki. Lakini kosa sanifu imara, kipimo cha uhakika wa makadirio kisichodai mtawanyiko uwe sawa, tunalo tangu makala ya mwanauchumi White ya 1980, na kwa sampuli ndogo kuna toleo lake liitwalo HC3. Kulitumia ni neno moja tu kwenye amri. Vigawo vyenyewe, yaani makadirio ya mstari, havibadiliki. Kinachobadilika ni uhakika tunaodai kuwa nao, na hapo ndipo tasnifu nyingi zinasema uongo bila kukusudia. Na ukitabiri matumizi kwa mtawanyiko mmoja kwa wote, unampa maskini upana asio nao, na mwenye nacho unambana.

Mwanafunzi alipita, na masahihisho aliyopewa ni ya marejeo na pambizo. Jumamosi alikuja kwangu na boksi la madodoso. Hakuna aliyemtuma. Tukazitafuta zile nukta za mwisho kulia, namba moja baada ya nyingine. Kaya moja ilikuwa na msiba mwezi ule, ikalisha watu siku tatu. Nyingine ilikuwa imelipa ada ya watoto wawili wa bweni, na pembeni ya swali la chakula mkusanya data alikuwa ameandika kwa penseli: "mama anasema mwezi huu wanakula mara moja." Kwa kipato, kaya hiyo ilikuwa ya tatu kutoka juu.