Haukuwa Moto, Ulikuwa Mvuke

Kwa kuwa rafiki yangu ameshasambaza sauti aliyojirekodi, eti niliosha injini mpaka gari likaungua na mimi nikapiga magoti, kwenye makundi yote, pamoja na lile la familia ambalo sijui hata aliingiaje, naomba na mimi nisikilizwe. Gari langu halikuungua. Sikupiga magoti. Na wewe uliyeandika "pole kwa kuunguliwa" halafu ukaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, nimekuona, jina nimeliandika pembeni.

Tuanze na jambo ambalo kwenye sauti yake ameliruka makusudi: mimi nilijiandaa. Nilisubiri injini ipoe mpaka nikaweza kuweka kiganja juu yake na kukiacha hapo, maana bomba la ekzosti, yaani la moshi, likiwa bado na joto la mamia ya nyuzi, ukilimwagia maji baridi linaweza kupasuka. Nikafungua waya wa betri, nikianza na wa hasi. Sanduku la fyuzi nikalivisha mfuko wa plastiki. Mdomo wa kuvutia hewa, mfuko. Altaneta, kile kifaa kinachochaji betri, ambayo kwenye gari langu imejificha chini kabisa, giza tupu, nayo nikaivisha mfuko mweusi na kuukaza kwa mpira. Huo mfuko mweusi ukumbukeni. Mimi sikuukumbuka.

Petroli sikugusa, ingawa huyuhuyu rafiki yangu ndiye aliyenishauri ("inakata grisi hiyo, mzee, acha kabisa"). Harufu yake tu ikikutana na cheche umekwisha. Hilo nalo kwenye sauti yake halimo. Mashine ya presha pia niliikataa, kwa sababu inasukuma maji mpaka ndani ya soketi za umeme. Nilichukua dawa ya kuondoa grisi, brashi, ndoo ya maji ya sabuni, na mpira wa kumwagilia bustani unaotiririka taratibu. Mavazi: glavu za kuoshea vyombo, za waridi, mpaka kwenye viwiko, na miwani ya kuogelea ya mwanangu ili kulinda macho. Chekeni tu. Dawa ile ikikuingia jichoni kicheko kinaisha.

Na injini ilitakata, jamani! Oili iliyogandamana tangu kwa mwenye gari wa kwanza ilishuka yote chini nyeusi tii. Kwenye kifuniko cha juu kuna maandishi ambayo sikujua kama yapo. Rafiki yangu akapiga picha, akasema hii injini unaweza kulia chakula juu yake. Hapo kichwa kikavimba. Nikamwambia, "Weka simu vizuri, rekodi, nawasha."

Nikavua mfuko wa fyuzi. Nikavua wa hewa. Nikafutafuta kwa kitambaa, nikarudisha waya wa betri, nikaingia garini, nikafunga mkanda. Ndiyo, mkanda wa kiti. Kwenye gari lililoegeshwa, boneti iko juu. Mazoea, mnisamehe.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo kila mtu anaponiuliza.

Nikapiga stata, ikawaka mara moja. Nikamwonyesha rafiki yangu kidole gumba kupitia kioo cha mbele. Hakukiona, na mimi sikumwona, kwa sababu boneti ilikuwa imeziba kila kitu. Kidole nikakiacha hewani hivyohivyo.

Injini ikaanza kumisi, yaani kuwaka kwa kurukaruka. Kwanza kidogo, nikajifanya sisikii. Kisha ikatetemeka kama mgonjwa wa homa, usukani ukatetemeka, na mimi na miwani yangu tukatetemeka. Nimekuja kuelezwa baadaye kwamba maji yalikuwa yametuama kwenye mashimo ya plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, chini ya koili zinazozipa umeme, na umeme wa maelfu ya volti ukikuta maji hauna haja ya kwenda kwenye plagi. Unapita njia ya mkato kwenye chuma. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Nasema ikawaka, lakini ilikuwa inapepesa. Wenye magari wanajua tofauti: ikiwaka imetulia, una muda wa kumtafuta fundi, ikipepesa, zima sasa hivi, kwa sababu petroli ambayo haikuungua inaenda kuharibu katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, kwenye ekzosti. Hilo nalijua. Nimewahi kumsema shemeji yangu mbele za watu kwa sababu ya hilo. Mkono wangu ulikuwa juu ya ufunguo. Ukakaa tu hapo.

Halafu ikaja sauti. Trrrap. Trrrap. Trrrap-trrrap-trrrap.

Mkanda wa injini, ule unaozungusha altaneta, ulikuwa umeupata ule mfuko mweusi. Injini ikiwa inaunguruma tu bila kukanyagwa huzunguka mara 800 hivi kwa dakika, na altaneta huzunguka kwa kasi zaidi ya mara mbili ya hiyo. Hebu fikirieni mfuko wa plastiki humo ndani. Vipande vyeusi vikaanza kuruka juu ya boneti, kimoja kimoja, bila haraka, vikatua kwenye kioo mbele ya macho yangu. Nilidhani ni injini inayotapika viungo vyake. Nakumbuka kabisa nikijiuliza: ni kifaa gani cha injini kilicho laini hivi?

Ndipo likapanda wingu jeupe, kubwa, kutoka pande zote za boneti. Maji yaliyokuwa yamebaki kwenye bomba la ekzosti yameshapata moto, yanageuka mvuke, na mabaki ya dawa yanaungulia humohumo na kutoa harufu ya balaa. Ni jambo la kawaida kabisa, unasubiri kidogo linaisha. Lakini miwani ya kuogelea nayo ilikuwa imeingia ukungu. Kwa mtu aliyekaa pale nilipokaa, dunia yote ilikuwa nyeupe.

Nikapiga kelele. Kwenye sauti yake anadai nilisema "Mama!" Uongo mtupu. Nilisema "Moto!" Ile "Mama" ilikuja baadaye, mkanda wa kiti ulipokataa kufunguka.

Glavu zina sabuni. Nabonyeza kitufe, kidole kinateleza. Nabonyeza, kinateleza. Nikakumbuka kuvua glavu, lakini glavu ya mpira yenye maji ndani haivuki; inavutika tu, inakuwa ndefu. Nikawa navuta glavu kwa meno, injini inatetemeka, vipande vya plastiki vinaendelea kutua, taa inapepesa. Sikufikiria kuzima gari. Ufunguo ulikuwa sentimita chache kutoka kwenye pua yangu.

Nilipochomoka, nilichomoka kweli. Nilikwenda kujibanza nyuma ya pipa la maji, glavu moja mkononi, nyingine mdomoni. Kizimamoto cha poda, kwa taarifa yenu, ninacho. Kiko chini ya kiti. Kile kiti nilichokikimbia.

Na sasa ile sehemu ambayo haimo kwenye sauti, na kwenye video imekatwa. Rafiki yangu, simu mkono wa kulia, bado inarekodi, akainua ile ndoo ya maji machafu ya sabuni kwa mkono wa kushoto. Nilimwona akiinyanyua. Nikataka kumwambia asimwage, kwamba hata kama ungekuwa moto, moto wa mafuta na umeme haumwagiwi maji. Kilichonitoka ni "Usi—", tena kupitia glavu.

Akamwaga. Maji, povu, na brashi iliyokuwa ndani ya ndoo, vyote vikaenda palepale nilipotoka kuvua mifuko. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Kukawa kimya. Povu likaanza kuchuruzika taratibu kwenye namba ya gari. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akatutazama, akauliza, "Mnaliosha au mnalizika?"

Kwa hiyo mnachokiona kwenye video ni mimi nakimbia, halafu ghafla gari linatoka povu mdomoni. Katikati hapo kuna ndoo, wadau. Mwulizeni ndoo.

Mengine hayana hadithi. Fundi akaja, akacheka kwanza, akatoa koili, akapuliza mashimo ya plagi kwa upepo wa kompresa, akafuta plagi, akakausha soketi, akachokonoa plastiki kwenye puli kwa koleo. Mkanda wa injini haukukatika. Kichujio cha hewa kilikuwa kimelowa, nimeweka kipya. Gari likawaka, likakohoa kidogo, likatulia. Redio imesahau stesheni zote. Fundi nimemlipa, na rafiki yangu hajachangia hata senti, anasema yeye aliokoa maisha.

Kitu kimoja tu hakijakaa sawa: ile brashi. Kwenye ndoo haimo, chini haipo, na fundi alimulika tochi kila pembe hakuiona. Nikikata kona kushoto nasikia kitu kinagonga mahali fulani chini ya injini: ko. Nikikata kulia: ko. Fundi amesema nimpelekee gari kesho afungue lile bamba la chini, nami nisiendeshe popote mpaka hapo. Rafiki yangu ameshauliza ni saa ngapi, na kama simu yake itahitaji chaji.