Vita vya Chicago vilikuwa vya bia, si vya wiski

Simulizi za majambazi wa Chicago wa miaka ya 1920, pombe ilipokuwa marufuku Marekani, zimejaa wiski, kofia na bunduki za Thompson. Bia inatajwa kwa kupita tu. Mimi naona hapo ndipo hadithi inapopotoka, maana bila bia huwezi kueleza kwa nini magenge yaligombania mitaa badala ya kila mtu kuuza chake kimyakimya.

Anza na uzito. Chupa ya wiski hufichika chini ya koti. Pipa la bia la Marekani lilibeba galoni 31, karibu lita 117, yaani zaidi ya kilo 100 hata kabla ya kupima mbao zenyewe. Hilo halitembei bila lori, na lori la mapipa kila askari wa zamu analiona. Tena bia inaharibika haraka, haiwezi kulala ghalani ikingoja doria ipite. Muuzaji alihitaji kiwanda kilicho karibu, polisi waliokwisha kuhongwa njia nzima, na baa za uhakika za kupokea mzigo. Ukishalipia yote hayo, mtu akiingiza pipa la bei ya chini mtaani kwako, hesabu nzima imevurugika.

Viwanda vilikuwepo tayari. Sheria ya Volstead, ile ya kupiga marufuku pombe, iliyoanza kufanya kazi 17 Januari 1920, iliruhusu bia hafifu isiyofikisha nusu asilimia ya kileo. Kuipata, kwa kawaida mpishi alipika kwanza bia kamili, ndipo akaondoa kileo. Kwa hiyo bia halisi ilikaa matangini kwa leseni ya serikali. Kazi ilikuwa kuitoa kabla ya hatua ya mwisho.

Wengine walichukua bia hafifu na kuidunga spiriti humohumo kwenye pipa. Balaa lilikuwa kwenye spiriti ya viwandani, ambayo kwa sheria ilitiwa sumu kama methanoli ili isinyweke. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, kileo cha kunywa 78, na kwa mtambo wa kubahatisha havitengani vizuri. Wanywaji walipofuka, wengine walikufa.

Johnny Torrio, bosi wa genge la kusini mwa Chicago, aliyajua mahesabu haya kuliko wenzake. Aliyagawia magenge mji: Dean O'Banion kaskazini, ndugu wa Genna magharibi, ambako walilipa familia za wahamiaji zipike spiriti majumbani. Sharti lilikuwa moja, kila mtu abaki kwake. Pombe rahisi ya akina Genna ikavuka mpaka, O'Banion akalalamika, Torrio hakuwazuia.

Inasemekana O'Banion alilipiza kwa biashara: alimuuzia Torrio hisa yake katika kiwanda cha bia cha Sieben kwa dola 500,000, akijua polisi wako njiani. Msako ulifanyika 19 Mei 1924 na wote wawili wakakamatwa. Ila Torrio alikuwa na kosa la awali la pombe, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akikodolewa macho na jela. Ujanja mzuri, bei yake mbaya: 10 Novemba O'Banion aliuawa katika duka lake la maua, mgeni mmoja akiwa amemshika mkono kama anayemsalimia. Januari 1925 watu wa kaskazini walimpiga Torrio risasi. Alipona, akaondoka, akamwachia usukani Al Capone, kijana wa miaka 26. Vita vile viliendelea hadi gereji ya Clark Street, 14 Februari 1929, watu saba waliposimamishwa ukutani na kuuawa kwa risasi.

Na Capone mwenyewe aliangushwa na vitabu vya hesabu. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba mapato haramu nayo hutozwa kodi. Mwaka 1931 akahukumiwa miaka 11 kwa kukwepa kodi.

Serikali yenyewe, ilipolegeza marufuku, ilianza na bia: 7 Aprili 1933 iliruhusu ile ya asilimia 3.2. Wiski ilisubiri hadi Desemba.